Kitabu cha Kumpendeza Mgonjwa

Hotuba iliyotolewa Wete, Pemba, mbele ya wauguzi, walimu na wenye kuuguza wagonjwa majumbani

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, madaktari na wauguzi mlioacha mapumziko yenu kuja kunisikiliza, walimu wenzangu, na nyinyi mama zangu na dada zangu ambao wengi wenu mna mgonjwa nyumbani hivi sasa na mmemwachia mtu ili mpate kufika hapa: nakushukuruni nyote.

Nimeombwa nizungumzie vitabu vya kumsomea mgonjwa, na vya kusoma mwenyewe anapoanza kupata nafuu. Mimi si daktari. Nimesomesha Kiswahili skuli kwa miaka 32, na ninachokijua katika jambo hili nimekijua kando ya kitanda cha kaka yangu, aliyeanguka mkarafuu msimu mmoja akavunjika paja, mguu ukafungwa na kuvutwa kwa uzito ulioning'inizwa mwisho wa kitanda, akalala chali kwa wiki 6 asiweze hata kugeuka ubavu. Aliyevunjika paja akili yake ni nzima, macho yake ni mazima, na njaa yake ni ile ile. Baada ya wiki ya kwanza kilichomuuma zaidi kuliko mfupa ni siku yenyewe. Baina ya uji wa asubuhi na watu wanaokuja kumkagua alasiri hakuwa na kitu ila dari, na dari ya wodi ile ilikuwa na mbao 22. Alizihesabu, akanambia.

Neno langu la leo ni moja, nalo ni kwamba mgonjwa apewe kwanza kitabu cha kumpendeza, na kile tunachoona sisi kwamba kitamfaa kingoje mpaka asimame. Nitaeleza kwa nini nimelishika neno hili kwa nguvu.

Sisi Wapemba hatumwachi mgonjwa peke yake. Saa ya kukagua ikifika, kitanda cha kaka yangu kilizungukwa. Walileta machungwa, walileta mikate ya kumimina, na mmoja wao, mtu ninayemheshimu hadi leo, alileta kijitabu kinachoeleza adhabu za kaburi, akasema kwa nia safi kabisa kwamba maradhi ni wakati wa mtu kukumbuka. Kaka yangu alikisoma chote usiku ule kwa sababu hakuwa na kingine. Asubuhi nesi akanambia kwamba mgonjwa wangu hakulala, na kwamba alimuuliza mara mbili kama mtu aliyevunjika mfupa anaweza kufa ghafla.

Nisifahamike vibaya. Qur'ani ina mahali pake kando ya mgonjwa, na Yasini tuliisoma pale kila usiku wa kuamkia Ijumaa, tena tuliisoma kwa sauti ya kumtuliza. Nazungumzia zile saa nyingine zote ambazo mgonjwa yuko macho, saa ambazo tumezoea kuzijaza mawaidha kwa watu wazima na masomo kwa watoto. Mwanafunzi wa kidato cha tatu analala na homa ya matumbo, hajaweza kumeza hata uji, na mzazi wake anamwekea vitabu vya fizikia kando ya mto ili asiachwe nyuma na wenzake. Nimeliona hili kwa macho yangu zaidi ya mara moja, na kila mara nilimwonea huruma mtoto aliyegeuza uso ukutani.

Siku ya nane nilikwenda wodini na Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla. Kwa vijana ambao hawakukipata, hii ni hadithi ya upelelezi iliyoandikwa na mtu wa kwetu, ikapata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 hadi 1958 katika Afrika Mashariki, na ikachapishwa mwaka 1960. Maiti inakutwa mzimuni, kila mtu ana lake la kusema, na Bwana Msa, mtu wa kiko na mawazo marefu, anaitwa kuutafuta ukweli. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwa sababu kiti kilikuwa kimoja na alikikalia mama, nikaanza kusoma kwa sauti ndogo ya kumtosha kaka yangu peke yake. Sikuwa nimefika mbali nilipoitwa kutoka kitanda cha dirishani.

"Mwalimu, hebu paaza sauti kidogo, na huku tunasikiliza."

Tangu siku ile nilikuwa nasomea wodi nzima. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa apelekwe kupigwa picha ya kifua, alimwomba nesi amsubiri mpaka Bwana Msa amalize kuwahoji watu, na nesi mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na sinia la dawa mkononi, anasikiliza.

Kisha likatokea jambo ambalo likinijia mpaka leo linaniuma. Nakala ile niliiazima, na aliyeniazima hakunambia, au labda hakujua, kwamba kurasa za mwisho zilikuwa zimechanika. Nilifunua ukurasa nikakuta jalada. Wagonjwa 6 wananitazama, na mimi sina la kuwasomea. Nilikwisha kukisoma kitabu kile ujanani, lakini nilichokikumbuka ni jina la muuaji tu, na kumtajia mtu jina la muuaji bila ya kumwonesha Bwana Msa alivyolipata ni kumpa mwiba ukamwambia ndiye samaki. Nikampigia simu mpwa wetu aliyeko Unguja, akatafuta nakala nyingine, akaitia kwenye boti. Ilichukua siku 4. Kwa siku zote hizo wodi ile ilibishana. Kila mmoja alikuwa na muuaji wake na hoja zake, na kaka yangu, ambaye wiki iliyopita alikuwa akiuliza habari za kifo cha ghafla, alikuwa akipiga ukingo wa kitanda kwa kiganja akimtetea mtu ambaye wenzake wote wamemtia hatiani. Mmoja wao aliruhusiwa kurudi nyumbani kabla ya boti kuingia. Siku kitabu kilipofika alimtuma mwanawe, kijana wa miaka kama 12, aje asimame mlangoni asikilize mwisho, akamhadithie baba yake.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu wakati ule. Mtu anayeugua muda mrefu huishi siku moja ileile inayojirudia, na hadithi iliyokatizwa pahala pazuri humpa kitu cha kukingojea. Wasimulizi wa Alfu Lela u Lela walilifahamu hili, ndiyo maana Shahrazadi anakatiza maneno yake alfajiri, na Sultani anamwacha hai kwa sababu anataka kuusikia usiku unaofuata. Basi nyinyi mnaowasomea wagonjwa wenu, nyamazeni mapema. Msingoje mpaka mgonjwa achoke akageuza uso. Wekeni alama pale ambapo mlango ndio kwanza umebishwa hodi na hatujajua nani yuko nje, mfunge kitabu, mtie chai.

Na napenda kukukumbusheni kwamba Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918, alipomaliza masomo yake mwaka 1938 aliajiriwa kuwa mkaguzi katika idara ya afya, akakaa huko miaka 10 kabla ya kuingia katika kazi ya magazeti. Mimi hufurahi kila nikikumbuka kwamba aliyewafanya wagonjwa wa wodi ile wasahau maumivu yao alianza kazi upande huu wa afya. Na hakutuachia kimoja. Baada ya Mzimu, kuna Kisima cha Giningi cha mwaka 1968, Duniani Kuna Watu cha 1973, Siri ya Sifuri cha 1974, Mke Mmoja Waume Watatu cha 1975, Mwana wa Yungi Hulewa cha 1976, na Kosa la Bwana Msa cha 1984. Anayezisoma taratibu, sura moja kwa siku, atapona kabla hajazimaliza.

Lakini hayo ni ya mwenye akili iliyotulia. Mwenye homa kali, au aliyetoka chumba cha upasuaji jana, hawezi kushika visa vya watu kumi na majina yao. Macho yanamuuma, mwanga unamkera, na sentensi ndefu inampotea kabla haijaisha. Huyu asomewe, asisome, na asomewe kitu kifupi. Kwa maoni yangu hakuna kinachomfaa zaidi kuliko shairi. Ubeti una mishororo 4, mshororo una mizani 16 iliyokatwa kati kwa mizani 8, na kila kipande kinatosha pumzi moja ya mtu dhaifu. Akilala katikati ya shairi hakuna alichopoteza. Sisi wa Pemba hatuhitaji kwenda mbali kuyatafuta, kwani mashairi ya Kamange na Sarahani, malenga wetu wa zamani, pamoja na majibizano yao, yamekusanywa katika Kale ya Washairi wa Pemba, kitabu kilichotoka mwaka 2011. Kutoka Tumbatu tunaye Haji Gora Haji, na diwani yake ya Kimbunga ya mwaka 1994 ina mafumbo ambayo mgonjwa anaweza kuyatafuna kimoyomoyo mchana kutwa.

Shangazi yangu alipopata kiharusi, maneno yalimkimbia. Alitaka maji akashindwa kuyataja maji, akalia kwa hasira. Wiki ya tatu nilimsomea beti alizokuwa akizijua tangu usichana wake, na katika mshororo mmoja nikakwama kwa kikohozi kabla ya kina cha mwisho. Alikitamka yeye. Sauti ilikuwa nzito na mdomo umepinda upande mmoja, lakini neno lilikuwa lenyewe, na lilikaa mahali pake. Nikasoma ubeti wa pili, safari hii nikanyamaza kwa makusudi, akamalizia tena. Madaktari mliopo hapa mtalieleza jambo hili vizuri kuliko mimi, lakini mnajua kwamba mtu aliyepotewa na maneno ya kila siku mara nyingi huwa bado anayo yale aliyoyahifadhi kwa wimbo au kwa sala. Anayeuguza mtu wa kiharusi na amtafutie mashairi ya ujana wake, asimletee mapya.

Nina onyo moja dogo ambalo nalisema kwa uzoefu. Hekaya za Abunuwasi nazipenda, na mgonjwa aliyekata tamaa huzihitaji mno, lakini aliyeshonwa tumbo asisomewe Abunuwasi wiki ya kwanza. Mama aliyejifungua kwa upasuaji akicheka, mshono unamvuta. Nilimliza mke wa mdogo wangu kwa kosa hili, naye huku ameshika tumbo kwa mto ananiomba ninyamaze. Angojee kidogo. Huyo mpeni Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, kitabu chembamba, chepesi mkononi, kinachomfuata mwanamke wa Fumba aliyeuza vyungu, akaja kuimba mpaka mwaka 1928 sauti yake ikarekodiwa Bombay na kurudi kwetu katika sahani za santuri. Ndani yake mna dhiki na mna kejeli za watu, lakini mwanamke yule anatembea mbele wakati wote, na msomaji aliyelala anatembea naye. Au mpeni Adili na Nduguze, cha mwandishi huyo huyo, cha mwaka 1952, chenye manyani wawili wanaopigwa kila usiku na siri ambayo hatuambiwi mara moja. Hicho ni kizuri zaidi kikisomwa kwa sauti wakati taa imeshawashwa.

Sasa nitasema jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi yenu, kwa kuwa linamhusu mwandishi ambaye ni fahari ya kisiwa hiki. Said Ahmed Mohamed, aliyezaliwa hapa Pemba mwaka 1947, kwangu ni bingwa. Nimewasomesha watoto riwaya zake kwa miaka mingi na nitaendelea kuzisifu. Hata hivyo Asali Chungu, Utengano na Babu Alipofufuka nisingeziweka kando ya mto wa mtu ambaye bado anapimwa joto mara tatu kwa siku. Ni vitabu vinavyomtaka msomaji abebe uzito wa watu wengine, na mgonjwa ana wake. Ndivyo ninavyoiona pia Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1976, ambayo ni miongoni mwa riwaya nzuri kabisa zilizotoka Zanzibar. Vingojee mpaka mtu anatembea mwenyewe hadi barazani. Siku hiyo mpeni, tena msimwache bila ya kumpa.

Kipindi cha kupona ndicho kirefu na ndicho tunachokisahau. Watu wakisikia fulani ameruhusiwa hospitali, wageni hupungua, na yeye bado hana nguvu ya kufanya kazi. Chukueni mfano wa kifua kikuu. Dawa zake kwa kawaida hutumika miezi 6, nguvu huanza kurudi mapema, na mtu hubaki nyumbani akiwa na miezi mbele yake na majirani wanaomwogopa. Huyu ndiye wa kupewa riwaya nene. Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999, itamchukua tangu pale Yasmin, msichana mdogo, anapoozwa mzee asiyempenda, na haitamwacha; mitaa ya Unguja ya wakati wa mkoloni imo humo pamoja na vichochoro vyake na siasa zake. Mbali na Nyumbani, ya mwandishi huyo huyo, ni safari ya kijana aliyeondoka Unguja akavuka nchi baada ya nchi, na sijui kitabu kinachomfaa zaidi mtu ambaye safari yake kubwa kwa siku ni kutoka kitandani kwenda uani. Na tangu mwaka 2022 tunayo Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, iliyotiwa katika Kiswahili na Ida Hadjivayanis. Kijana Yusuf anaondolewa kwao akiwa na miaka 12 na kuingizwa katika misafara ya biashara ya bara. Kukisoma kitabu hicho katika lugha yetu ni kama kumkaribisha nyumbani mtu aliyekaa ugenini miaka mingi.

Na hapa wauguzi nakuombeni mnisaidie kulisema kwa sauti. Kifua kikuu huambukizwa kwa hewa, kwa kikohozi cha mwenye maradhi ambaye hajatibiwa. Hakiambukizwi kwa kitabu. Nimewahi kuletewa kitabu changu kimetiwa ndani ya mfuko wa plastiki na kufungwa mafundo matatu, na aliyekileta amekishika kwa ncha za vidole mbele ya mgonjwa mwenyewe. Nilikifungua pale pale, nikakifunua, nikamuuliza mgonjwa kipi kilimfurahisha humo. Tafadhalini, tusiwafanyie watu hivyo.

Watoto nitawataja kwa ufupi, kwa sababu mama wa Kipemba hahitaji kufundishwa namna ya kumhadithia mtoto. Ngano za kwetu zilikuwa zimeshakusanywa Unguja na Edward Steere na kuchapishwa mwaka 1870, na zilikuwa za zamani hata wakati huo. Mtoto mgonjwa ataitaka hadithi ile ile usiku kumi mfululizo. Msimnyime, na msiibadilishe.

Liko pia suala la mikono. Aliyelala chali akishika kitabu juu ya uso wake, baada ya kurasa mbili mikono inatetemeka na kitabu kinamwangukia puani. Kaka yangu alichongewa na seremala kibao chenye miguu miwili mifupi, kinachokaa juu ya kifua bila ya kukigusa, chenye ukingo chini wa kuzuia kitabu na mpira mwembamba wa kushika kurasa. Mbao zilikuwa za masalio na kazi ilichukua asubuhi moja. Nimekileta, kipo hapo mezani, na anayetaka kuchukua vipimo vyake achukue. Wale ambao jamaa zao wako mbali, najua binti mmoja aliyeko Maskati anayemsomea mama yake sura moja kila usiku na kumpelekea kwa ujumbe wa sauti katika simu. Mama yupo Konde, macho yake yana mtoto wa jicho, na humngojea mwanawe baada ya sala ya isha.

Kisanduku mnachokiona kando ya kibao kina vitabu 14, na karibu vyote ni miongoni mwa nilivyovitaja. Kuanzia kesho kitakaa kwangu, na anayeuguza yeyote atakuja kuazima bila ya malipo na bila ya kuwekewa siku ya kurudisha; nitaandika jina la kitabu na jina la mtaa tu. Wiki iliyopita nilikaa sakafuni usiku mbili nikavifunua vyote, ukurasa kwa ukurasa, na viwili nilivirudisha kwa wenyewe. Hivi 14 vina kurasa zao zote mpaka ya mwisho.

Nakushukuruni kwa kunisikiliza. Wassalamu alaykum.